Houda Amnyima Muuaji Sauti Yake

Saa tisa alasiri, katika ukumbi wa video wa mtaa wa Buyenzi, Houda anapuliza maikrofoni yake na kukohoa taratibu, kama mgeni rasmi.

Kazi yake ni kutafsiri filamu papo hapo. Kwa miaka kumi na moja amekuwa sauti ya majenerali, wachumba na watoto wachanga, wakati mwingine wote kwa pumzi moja.

Leo inarudiwa filamu ya muuaji iliyoonyeshwa wiki iliyopita. Watu tisa wanauawa, mvua inanyesha bila kupumzika, na kila mtu anaishi gizani.

“Umeme wanao, mbona hawawashi taa?” alilalamika siku ile Uthmani, fundi wa breki, aliyefunga gereji mapema ili aburudike.

Houda aliudhiwa na jambo jingine. Muuaji anahutubia filamu nzima. Waliouawa hawapewi hata jina.

“Hapa kwetu mutu akikufa, hata adui anakuja matangani,” anasema. “Pale hakuna anayelia. Nikarudi nyumbani, binti yangu Yasmina anacheza na wenzake, anasema maneno ya yule muuaji, tena kwa sauti yangu. Nikasema apana.”

Akamwarifu mwenye ukumbi, Chabani, kwamba safari hii atawatafsiri wote isipokuwa muuaji.

“We Houda, muuaji ndiye filamu!”

“Basi filamu yako ni bubu, Papa Chabani.”

“Ukinyamaza, kuanzia Ijumaa Moubarak anakaa kwenye kiti chako.”

Filamu inaanza. Muuaji anafungua kinywa. Houda anakunywa chai. Muuaji anaeleza falsafa yake ya maisha. Houda anaongeza sukari.

Anapouawa mwanamke muuza mayai, Houda anashika maikrofoni.

“Huyu anaitwa Caritas, wa Kamenge. Alikuwa anacheka sana. Mungu amupokee.”

“Amina!” ukumbi unaitikia.

Wanazikwa hivyo wote tisa. Kufikia wa mwisho, Uthmani amevua kofia na anafuta macho, akidai ni vumbi la breki.

Chabani halegezi msimamo. “Ijumaa ni Moubarak.”

Houda anachomoa maikrofoni, ambayo aliinunua mwenyewe, na kuizungushia waya wake.

“Ijumaa mi niko uani kwangu,” anawatangazia watazamaji. “Naonyesha video ya harusi ya dada yangu Fatouma. Muje wote. Anayechinjwa mule ni mbuzi mumoja tu, na yeye atasema neno lake kwanza.”