Mama Mbele ya Stesheni

Siku hizi wasichana wanakuja kwangu na simu. Wanaiweka juu ya meza ya kukatia, wananionyesha picha ya bibi yao enzi za usichana wake, na kusema, "Fundi, nataka hivihivi. Ya kizamani." Wanataka kola pana yenye ncha, kiuno kilichobanwa na marinda yanayoshuka mpaka chini ya goti. Wananieleza marinda ni nini, kana kwamba nimezaliwa jana. Nawapima, nawashonea, nao wanakwenda kupiga picha kwenye majengo ya Mjerumani, bomani au stesheni, kwa sababu wanadai ukuta wa zamani unalikubali gauni la zamani. Hapo siwabishii. Mbele ya ukuta mnene mtu huonekana amekusudia kusimama pale alipo.

Siwezi kuwacheka, maana ugonjwa wao ninao tangu utotoni. Niliupata kwenye picha moja tu.

Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe ya mama yangu, amesimama mbele ya stesheni ya reli ya Tabora siku ya Idd. Wakati ule watu wa mtaa wetu wa Chemchem walikuwa na tabia yao: pilau likishaliwa na vyombo vikishaoshwa, wanavaa upya na kwenda stesheni kwa miguu kupiga picha. Hawasafiri. Wanasimama tu mbele ya jengo, wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa, na abiria wenye mizigo wanalazimika kuwazunguka. Mama alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa cherehani ileile ninayoikanyaga hadi leo. Jengo lilikuwa nyuma yake na kuta zake nene na paa lake la mwinuko, kubwa mno kwa mtu mmoja, na bado halikummeza. Nilipokuwa mdogo nililiona kama mjomba aliyekuja kumsindikiza.

Mama hakuwahi kupanda treni. Hili nililijua kwa sababu alikuwa akilisema mwenyewe, akicheka, kila honi iliposikika mtaani. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alitembea njia ya misafara na pembe za ndovu begani mpaka pwani na kurudi, na mama alikuwa akisema kwamba mzee yule alimaliza safari za ukoo mzima.

Alifariki nikiwa na miaka tisa. Siku ileile bibi yangu, mama yake baba, alipita chumba kwa chumba akizigeuza picha zote zitazame ukuta. Ndivyo ilivyofanyika kwetu kukiwa na msiba: watu wanasoma, watu wanalia, na sura za ukutani haziruhusiwi kuwatazama. Picha ya mama ilining'inia juu ya mkeka niliokuwa nalalia. Kwa siku arobaini nilikuwa nikifungua macho asubuhi naona mgongo wa fremu. Kulikuwa na kadibodi ya kahawia, misumari minne midogo iliyoshika kutu, mhuri wa zambarau wa studio, na chini ya mhuri namba iliyoandikwa kwa penseli, mia nne na kumi na saba. Niliisoma namba ile mpaka nikaihifadhi kama juzuu. Nilikuwa na hakika kwamba siku ya arobaini, picha ikigeuzwa, kitu fulani kitakuwa kimerekebishwa. Bibi aliigeuza, mama akatokea vilevile, na hapo ndipo nilipolia kilio changu cha kweli.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa hajatimiza miaka miwili. Aliteremshwa kwenye mgongo wa mama akapandishwa kwenye mgongo wa bibi, na kwa siku nyingi alikuwa akiupigapiga kwa viganja, anaukataa.

Mdogo wangu huyo ndiye aliyeipoteza picha. Nasema aliipoteza, ingawa yeye mpaka leo anasema aliikomboa. Miaka michache iliyopita alikuja kutoka Dar es Salaam, akaona picha imeingia ukungu pembeni na doa la maji linapanda kuelekea kwenye viatu vya mama. Bila kuniambia, akaitoa ukutani nikiwa sokoni kununua uzi, akaondoka nayo ikasafishwe na kukuzwa. Alitaka kunishtukiza kwa Idd. Na kweli nilishtuka.

Alirudi na fremu ya dhahabu pana kama mlango wa kabati. Ndani yake alikuwa mama, wa rangi, midomo imepakwa wekundu, amesimama mbele ya lile jengo refu la Dubai lenye ncha inayotafuta mawingu. Miguuni pake kulikuwa na chemchemi ya maji na maua ambayo sijui hata yanaota wapi. Majirani waliingia mmoja mmoja na kusema mashallah. Mimi niliangalia marinda. Kijana wa studio aliyeitengeneza kwa kompyuta, alipomkata mama kutoka stesheni, alipitisha mkasi wake kwenye marinda pia, akampunguzia gauni karibu nusu, ukaonekana mfuko wa mchele wenye kola.

"Ile ya mwanzo iko wapi?" nikauliza.

"Dada, ile ilikuwa imeshaoza. Wenyewe waliitupa."

"Na fremu?"

"Fremu gani? Ile ya misumari?"

Nikamuuliza kama kompyuta yao imeibakiza. Akapiga simu mbele yangu. Kompyuta ilikuwa imefutwa yote na kuanza upya. Mimi ninayepiga picha kila gauni linalotoka mlangoni kwangu, sikuwahi kuelekeza simu kwenye picha ya mama hata siku moja. Ilikuwa pale. Nani anapiga picha ukuta wake?

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote, kisha akasema taratibu, "Dada, wewe una sauti yake, una mapishi yake, una miaka tisa pamoja naye. Mimi nina hiyo picha tu. Mama hakuwahi kwenda popote. Nilitaka nimpeleke mahali."

Ningeweza kunyamaza hapo. Sikunyamaza. Nilimjibu kwamba mahali pake alikuwa napo na yeye ndiye aliyemtoa. Tukanuniana mwaka mzima, tunapigiana simu za misiba na harusi tu.

Mwaka ule nilikuwa napita stesheni bila sababu. Nasimama upande wa pili wa barabara nalitazama jengo, na badala ya kuliona naona nafasi ya mtu mbele yake. Wengine huwakumbuka marehemu wao kaburini. Mimi nilimkumbuka wangu mbele ya kituo cha reli, na mapengo yote mawili, la mama na la picha, nikayaona ni moja. Nilimkosa mama upya, mtu mzima mwenye mvi, kwa uchungu usiolingana na kipande cha karatasi. Kila msichana aliyekuja na simu yake na bibi yake nilimwonea wivu.

Halafu siku moja, nikiwa napiga pasi, namba ikanijia: mia nne na kumi na saba. Mtu aliyeandika namba nyuma ya picha aliandika kwa sababu aliweka kitu mahali.

Studio yenyewe siku hizi ni duka la makava ya simu. Lakini kinyozi wa mlango wa pili alimfahamu mpiga picha, na akaniambia kuwa mzee bado yu hai, anaishi Urambo kwa binti yake anayelima tumbaku. Basi lingenifikisha mapema. Nilipanda treni, kwa ukaidi tu. Ilichelewa kama kawaida yake, na ilipong'oka stesheni nilijikuta nimeshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

Nilimkuta mzee amekaa barazani, mwembamba, sikio moja halifanyi kazi, anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikaanza kumweleza: Chemchem, sikukuu ya Idd, mama wa gauni la marinda. Akanyoosha kiganja kunikatiza.

"Watu niliwasahau siku ileile. Niambie namba."

Nikamwambia. Akaacha choroko. "Za mia nne zote zililoa," akasema. "Masika moja bati lilivuja, negativu zikashikana. Ukizibandua, sura inabaki kwenye nyenzake. Nilizichoma mwenyewe."

Nilitazama mikono yangu, nikahesabu kichwani muda wa treni ya kurudi. Binti yake, mwanamke wa umri wangu, aliniletea maji, akaniangalia, akamgeukia baba yake na kusema kwa sauti upande wa sikio zima, "Baba, na lile kopo la zilizoharibika?"

"Hizo taka."

"Taka gani, na umehama nazo?"

Mzee akakubali kwa shingo upande. Picha zilizoharibika, akanieleza, mtu amefumba macho, mtu amepiga chafya, alikuwa hazitupi. Alizitumia kwenye chumba cha giza kujaribia karatasi, ili asichezee zile nzuri. Kwa hiyo nzuri zilikaa kwenye boksi chini ya bati bovu, na mbovu zikakaa kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko. Tulilimwaga kopo juu ya mkeka karibu na dirisha, sisi wanawake wawili, tukazishika moja moja kwenye mwanga kutafuta namba za wateja zilizokwaruzwa pembeni kwa sindano. Chai ililetwa ikapoa. Nilipoiona nne, moja na saba, nilimpa binti yake.

Akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akaipiga picha kwa simu, akageuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi, akanipa simu.

Mama alikuwa amenipa mgongo.

Stesheni ilikuwa pale yote, ukuta kwa ukuta, na paa lake. Mbele yake mama amegeuka, ameinua kichwa, mkono mmoja umeshika mtandio usianguke. Sura haipo. Nilichokiona ni kisogo chake, nywele alizosukwa, na nyuma ya gauni, ambayo sikuwahi kuijua: vifungo vidogo vimejipanga kutoka shingoni mpaka kiunoni, na mkanda umefungwa fundo moja tu, pembeni. Miaka yote hii nimewashonea wasichana wa watu gauni la mama yangu na kuwawekea zipu.

"Huyu aliniharibia filamu," mzee akasema, ameishika simu mbali na macho. "Honi ililia, akageuka. Ikabidi nimpige nyingine."

"Unamkumbuka?"

"Hapana. Nakumbuka aina yake. Wasafiri walikuwa hawageuki, honi wameshaizoea. Aliyekuwa anageuka ni yule ambaye hajawahi kupanda, na anataka."

Nililia palepale bila kujificha, mbele ya watu niliowafahamu siku hiyo. Yale maneno ya kwamba babu alimaliza safari za ukoo, na kile kicheko kila honi ilipolia, vyote nilivichukua kama vilivyosemwa. Nilikuwa mtoto. Nilidhani mtu akicheka amefurahi.

Niliporudi na negativu nilisafishiwa picha mjini, nikaitundika sebuleni sambamba na ile ya fremu ya dhahabu. Sikuishusha ya Dubai. Nilikuwa nimepanda treni kwa ajili ya picha hii, na njiani nikaanza kuelewa kwa nini mdogo wangu aliifanya ile ya Dubai. Alikuwa amekisia sawa kabisa, bila hata kumjua, na mimi niliyemjua nilikuwa nimekosea. Nilimpigia simu, nikamwomba radhi, nikamwambia aje Idd.

Alikuja. Akasimama mbele ya ile picha, akakunja uso. "Sasa hii picha gani, dada? Haina sura."

Nilimpakulia pilau kwanza. Nilikuwa nimemaliza kushona. Kitambaa nilikitafuta maduka manne, gauni nikalikata kwa kuiangalia picha ile: kola, marinda yasiyopunguzwa, vifungo nyuma, fundo pembeni. Baada ya pilau nikalivaa, nikamwambia anisindikize stesheni akanipige picha. Alicheka sana, alisema nimekuwa kama wateja wangu, lakini alikuja.

Jua lilikuwa bado kali na ukuta ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Msichana mmoja na mchumba wake walitupisha. Nilimpa mdogo wangu simu, nikahesabu hatua, nikasimama pale ninapopajua. Kisha nikageuka nikalitazama jengo, nikashika mtandio, nikainua kichwa.

"Dada, geuka basi," akaita. "Nitapigaje mgongo? Geuka nikuone sura."

Nikamwambia asubiri kidogo. Hakukuwa na treni yoyote, wala honi. Nilitazama paa, nikafikiria umbali wa kutoka pale mpaka pwani kwa miguu, na mtu aliyesimama hapo na viatu vya sikukuu akitamani hata kituo kimoja tu. Sikusikia simu ikipiga picha. Nilihisi mdogo wangu amesogea, hatua moja, mbili, na nilipotaka kugeuka kumuuliza kuna nini, kiganja chake kikatua katikati ya mgongo wangu, juu ya vifungo, kikakaa.

"Usigeuke kwanza," akasema.