Mawe ya Masatu

Iko siku moja ya Kibara ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, na wewe asubuhi hii umenirudisha kule kwa nguvu. Kaa chini, mwanangu. Hiyo simu weka pembeni. Sijakuita tunywe chai.

Nimekusikia kule Buhemba, kwa yule mama tunayemwezekea upya na kumwongezea chumba. Kakuuliza kwa upole kabisa mbona mmeanza kupima upande wa jikoni kwake. Ukamjibu, "Mama, wewe pumzika tu, sisi tunawasiliana na kijana wako." Pumzika! Ndani ya mji wake mwenyewe! Nilinyamaza pale kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele ya wenzako. Hapa tuko wawili, kwa hiyo nitasema yote, na usinikatize.

Nilikuwa fundi kijana, nafanya kazi kwa Mzee Magesa, huyo aliyeianzisha kampuni yetu hapa Mwisenge. Mzee alikuwaga na sharti moja ambalo watu walilicheka: hutoi futi ya kupimia mfukoni mpaka mwenye nyumba akutembeze. Akuzungushe mji mzima, akuonyeshe panapovuja, anapoanikia dagaa, mlango anaoupenda na ule unaomkera. Asubuhi nzima ikiisha hivyo, basi na iishe. Ndipo unapima.

Tukapata kazi Kibara, kwa mjane mmoja, Mama Nyanjura. Mwanawe yuko Mwanza, ndiye analipa, anataka nyumba ya mama yake iongezwe kwa nyuma. Msimamizi wetu alikuwa Chacha. Mkono wa kazi alikuwa nao, siwezi kumnyima hilo, lakini mjuaji huyo, we acha! Yule kijana wa Mwanza alikuwa amemweleza kila kitu kwa simu, kwa hiyo Chacha akaona kutembezwa ni kupoteza muda. Mama wa watu alitoka amejifunga khanga yake vizuri, tayari kutuzungusha. Chacha akamwambia, "Tumeshaelewa, mama." Mama akarudi ndani.

Kesho yake nikatumwa Bunda kufuata nondo na mbao. Huku nyuma mawe ya msingi yakawapungukia. Karibu na migomba kulikuwa na mawe meupe yamepangwa chini, hayana saruji wala msalaba. Chacha akasema hayo yanatosha. Yakazolewa, yakatiwa kwenye msingi, yakamwagiwa zege juu. Pale yalipotoka wakasawazisha kwa koleo, wakaweka kokoto zao.

Niliporudi jioni nilimkuta mama amekaa kwenye udongo, anaupapasa kwa viganja. Wenzangu wamesimama tu, hawajui washike lipi. Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?"

Akanitazama. "Mmempeleka wapi Masatu wangu?"

Masatu alikuwa mtoto wake wa kwanza, surua ilimchukua akiwa bado ananyonya. Mama hakuwa na uwezo wa kumjengea kaburi, basi akabeba mawe kichwani, moja moja, kutoka ziwani. Sasa mawe hayapo, ardhi imekuwa sawa kote, na mama haoni tena mwanawe amelala wapi. Mwanangu, nilitamani kumpiga Chacha ngumi. Nakuambia ukweli, mpaka leo nikikumbuka mkono unanikunjika wenyewe.

Mzee Magesa alifika asubuhi. Alimwamkia mama kwanza, akachuchumaa pale pale kwenye udongo akampa pole. Kisha akamgeukia Chacha.

"Alikutembeza?"

"Mzee, mwenye kazi alisema kwa simu kwamba..."

"Nimekuuliza, alikutembeza?"

Chacha akainama. Mzee akachukua nyundo kubwa, akambandika mkononi. "Vunja. Msingi wote. Na gharama ni yangu."

Yule kijana wake akapiga simu kutoka Mwanza, anafoka. Eti hayo ni mawe tu, atanunua saruji mama ajengewe kaburi zuri, kazi isisimame. Hee! Mzee akamjibu, "Hela ni yako, kijana wangu. Mji ni wa mama yako." Akakata simu.

Tukavunja. Ule msingi ulikuwa umepita mbele ya mlango wa nyuma, na ulipoondoka wote, Mama Nyanjura akaingia ndani, akatoka tena kwa mlango ule kama alivyokuwa akitoka kila siku asubuhi. Akatembea bila kuangalia chini. Kwenye kokoto za Chacha akasimama, akasema, "Hapa." Tukaziondoa kwa mikono. Tukayarudisha mawe, mengine yamegandwa na zege, tukataka kuligonga litoke. Akatukataza. Alisema amechoka kusikia nyundo.

Ndipo akamwambia Mzee Magesa, "Sasa njoo nikutembeze." Mzee akamfuata nyuma, kofia mkononi.

Zege lile liko kwenye mawe ya Masatu hadi leo. Nikipita Kibara huwa naingia kusalimia, na huwa naliona, na huwa nakasirika upya. Vyumba tulivijenga, ni vizuri, lakini ile siku haikufutika.

Sasa nisikilize. Anayelipa umheshimu, lakini anayelala ndani ya nyumba ndiye wa kuulizwa. Usivunje hata tofali bovu kabla hajakuambia lilikuwa la nani. Akikueleza mambo unayoona hayana maana, nyamaza umsikilize, maana hujui kwa nini anayasema. Ukishindwa hilo, katafute kazi ya kuchimba mitaro barabarani, huko hakuna mama wa mtu wa kumwambia apumzike. Nimekufokea kwa sababu mikono yako ni mizuri kuliko ya Chacha, na sitaki nije niione imefanya kama yake.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie kila mlango utakaoujenga, wenyewe wakipita wakuombee mema. Haya, panda bodaboda urudi Buhemba, umwamkie yule mama, umwombe akutembeze. Na hiyo futi iache hapa mezani.