Jibu Nililompa Patron

Jumapili iliyopita binti yangu alinisogezea simu usoni. "Mama, huyu fundi wa injini anapendaka zawadi gani? Nikikosea, mapenzi inashuka." Nikaangalia: mchezo wa meli inayoruka kati ya nyota, kapteni, na watu wake wamekaa wanasubiri awaongeleshe. Rafiki yangu, nilimnyang'anya ile simu kwa hasira mpaka mtoto akalia. Hakuelewa amekosa nini, nami sikuwa na maneno ya kumweleza. Basi nakueleza wewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameshamaliza shule, alijifunza kushona kwenye atelier moja, chumba cha mafundi cherehani, mtaani Birere. Mashine tatu za kukanyaga kwa mguu, harufu ya pasi ya makaa, samaki wadogo wa sambaza wakikaangwa nje, na pikipiki zikipiga honi kutwa nzima. Nikitoka masomoni nilipita pale kumsubiri, turudi wote nyumbani Katindo. Alishona huku anaimba nyimbo za kwaya, na mguu wake ulikwenda sawa na wimbo. Mwaka ule alikuwa ananishonea nguo nyeupe ya komunyo ya kwanza. Ilibaki mikono tu. Na yeye alibakiza miezi miwili apate brevet, ile karatasi ya kumaliza mafunzo yenye sahihi ya patron, mwenye atelier. Bila hiyo hakuna atelier ya kukupokea.

Patron mwenyewe hakushona kitu. Alikaa nyuma ya pazia mbele ya televisheni, manette ya kuchezea mkononi, akicheza mchezo wa namna hiyohiyo. Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo aliniita nimsomee maneno ya kwenye kioo, akinilipa maandazi, beignet mbili. Kila baada ya vita kapteni alishuka kwa fundi wa injini, naye alikuwa mwanamke, akamwuliza habari za mama yake, za alikozaliwa, anaogopa nini. Sikufichi, nilipenda! Kwetu nani alikuuliza unaogopa nini? Waliuliza kama maji imefika kwenye robinet ya bomba. Nilichagua majibu kwa moyo wote, na yule mwanamke akitabasamu nilijisikia kana kwamba mimi ndiye niliyependwa.

Na akimkataa kapteni je? Patron alicheka tu. "Rudisha kwenye sauvegarde, mutoto. 'Hapana' haiko. Kuko tu jibu mubaya." Tulirudi pale mchezo ulipohifadhiwa, tukarudia mara tatu, mara nne, mpaka akubali. Wala sikujiuliza yule mwanamke angekwenda wapi. Nje ya meli hakuna hewa, na mlango unafunguliwa na kapteni.

Siku moja, bila kuweka manette chini, akaniuliza: "Na dada yako, ye anapendaka nini?" Nikajibu harakaharaka, kama nilivyomjibu mwalimu. Marakuja za kutoka Kiwanja, zile pasheni zilizokunjamana ngozi. Kuambiwa mishono yake imenyooka. Kuulizwa habari za baba yetu marehemu. Nilimpa vyote! Mama alizoea kutuambia mdomo uliponza kichwa, lakini hakutuambia kwamba mdomo wa mmoja huponza kichwa cha mwingine.

Kesho yake marakuja zilikuwa juu ya mashine ya dada. Keshokutwa patron akamwinamia, akamwuliza habari za baba. Dada akaacha kuimba. Nilimsikia akimjibu mbele ya wenzake, kwa adabu zote: "Hapana, patron. Mimi nilikuja kujifunza kazi." Yule bwana akacheka kicheko kilekile cha nyuma ya pazia. Wiki iliyofuata akaja tena na marakuja, na iliyofuata tena, na kila dada alipotaja brevet aliambiwa, "Tutaona." Mwishowe dada akakunja futi yake ya kupimia, akachukua mkasi wake, akanishika mkono tukatoka. Karatasi hakuipata. Mikono ya nguo yangu ilimaliziwa na jirani, mmoja mrefu kuliko mwenzake, nami nikapokea komunyo nimeukunja kama mtu aliyeumia kiwiko.

Leo pale pa atelier wanauza vifuniko vya simu. Dada anauza unga sokoni, na tangu siku ile hajakanyaga mashine. Hata wimbo simsikii akiimba. Marakuja haziingii nyumbani kwake. Halafu mtu aniambie ni mchezo tu? Aka! Picha ni picha, na anayetaka kumpenda fundi wa kwenye picha ampende. Mimi mwenyewe nilimpenda. Lakini mtu mwenye watu chini yake, anayeona hapana yao ni kosa la kurekebisha, huyo ananichemsha damu hadi leo. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba majibu aliyapata kwangu.

Basi Jumapili ileile nikamrudishia mtoto simu yake, nikaenda kwa dada. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia yote niliyoficha miaka hii yote: pazia, beignet, marakuja. Hakuinua kichwa.

"Nilijuaka," akasema. "Nani mwingine angemwambia mambo ya papa yetu? Weye ulikuwa mutoto. Yeye alikuwa patron."

Nikalia. Aliniacha nilie, akamaliza maharagwe yake, kisha akauliza ile nguo ya komunyo iko wapi. Nikasema ninayo, imo ndani ya sanduku.

"Ilete," akasema. "Ule mukono unanikasirishaka miaka yote."