Mtaro Kati ya Malisho Mawili

Mahali nyumba za Matisi zinapokwisha na mashamba ya Kitale kuanza, mgeni yeyote alionyeshwa malisho ya Rahab hata kabla hajauliza. Hayakuwa makubwa. Lakini yalikuwa nyasi tupu, fupi, laini, bila hata ndulele moja. Tangu aolewe na Gathii, Rahab alikuwa amekipigania kipande kile cha ardhi dhidi ya hicho kichaka cha miiba chenye matunda ya njano. Alizing'oa ndulele moja moja kwa jembe la meno, mpaka mzizi wa mwisho, kwa sababu ukiacha kipande udongoni kinachipua tena kwa kiburi. Kondoo wake walikula bila kuchomwa midomo. Naye Rahab alijua hakuna malisho kama yake, na hata kanisani alitembea kama mtu anayejua.

Jirani yake Jerop, mwanamke wa Mlima Elgon aliyeolewa hapo, aliacha ndulele zake zisimame mpaka kiunoni.

"Jerop, mbegu zako zinahamia kwangu," Rahab alizoea kulalamika.

"Si uzikaribishe chai basi, Mama Kagwe," Jerop alijibu, na kuendelea kukamua ng'ombe.

Mwaka wa 2006, mvua ya Aprili ilipotulia, Rahab aliamka akakuta nyasi za malisho ya juu zinatembea. Alisimama kidogo, hakuamini. Viwavi jeshi, weusi, wenye mistari ubavuni, walikuwa wamefunika kila jani, na kutafuna kwao kulisikika kama manyunyu juu ya majani ya mgomba.

"Mama Kagwe, njoo uone!" Jerop aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Ndulele zangu hawajagusa hata jani! Ati wanatafuta kwa mtu msafi!"

Ilikuwa kweli. Kiwavi jeshi hutaka nyasi na nafaka, na nyasi nzuri kuliko za Rahab hazikuwepo.

Malisho ya juu yalikuwa yamekwisha kupotea, hilo aliliona. Hofu yake ilikuwa malisho ya chini, aliyowatengea kondoo wenye mimba. Siku zao zilikuwa zimefika. Kondoo akizaa bila nyasi hana maziwa, na mwanakondoo hamalizi juma.

Gathii alitoka stoo amebeba pampu mgongoni. "Ninapuliza hii dawa ya kupe. Inaua kila kitu."

"Na hizo nyasi atakula nani, Baba Kagwe? Wewe?"

Gathii aliishusha pampu polepole.

"Tutachimba mtaro," Rahab alisema. Babake, aliyewahi kuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya Trans-Nzoia, alikuwa amemsimulia jinsi walivyowazuia viwavi: wakimaliza mahali huhama kwa pamoja, wakitambaa, na mtaro wenye ukuta uliosimama wima huwashinda kupanda. Lakini mtaro wa kukata malisho kutoka ua hadi ua, kabla ya jua kuwa kali, haukuwa kazi ya watu wawili. Na kikundi cha wanawake wa kulimiana kwa zamu, siku hiyo, kilikuwa kwa Jerop. Tayari walikuwa wakipita na majembe mabegani, Jerop akiwaongoza kwenye mahindi yake.

Rahab alisimama mbele yao barabarani. Hakuwa amezoea kuomba.

"Jerop, nipe zamu yako. Leo tu. Nitakulipia kwa mikono yangu."

Jerop alijishika kiuno.

"Nitakupa. Lakini kwanza useme hapa mbele ya watu kwamba malisho yangu ni safi."

Rahab aliangalia ng'ambo ya ua. Kule chini zizini kondoo mmoja alilia.

"Siwezi," alisema. "Ni machafu, Jerop. Ni machafu sana. Lakini ninakuomba."

Kicheko kilianzia nyuma ya kundi, na cha Jerop kikawashinda wote. "Huyu mama hata akizama atasema maji ni chafu! Haya, twendeni, kabla hao wadudu hawajavuka kwenda kwa mahindi yangu!"

Walichimba kwa mstari, bega kwa bega. Upande wa juu waliulaza, upande wa chini wakaukata wima kama ukuta wa nyumba, Rahab akipita nyuma yao kulainisha kila mahali ambapo kiwavi angepata pa kushika. Jua lilipopanda jeshi lilianza kushuka. Wale wa mbele walitumbukia, na wale wa nyuma wakawafuata. Gathii alifunga gogo kamba, akalivuta huku na huku ndani ya mtaro akiwaponda. Wanawake walileta kuku wao. Kuku walikula mpaka wakashindwa kukimbia.

"Hapa, hapa wanapanda!" Jerop alipiga kelele, na Rahab akafika na jembe kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi iliyofuata, juu ya mtaro ardhi ilikuwa nyekundu, imenyolewa. Chini yake nyasi zilisimama zikiwa na umande. Rahab aliikagua kila hatua ya ule ukuta wa udongo, kisha akawafungulia kondoo. Waliingia na matumbo yao mazito, wakainamisha vichwa, wakaanza kula.

"Nyasi za nani hizo?" mpita njia aliuliza.

Rahab alinyoosha mgongo. "Zangu," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya ua: "Zangu na za Jerop."