Ndege Niliyempima Peke Yake

Plastiki iliyopata moto ina harufu yake, kali na yenye utamu kidogo, kama ndoo iliyosahauliwa karibu na makaa. Umeme ulipokuwa ukirudi mtaani kwetu Ndosho, mjini Goma, aghalabu alasiri, mvua ikiwa bado inapiga mabati, nilichomeka chaja ukutani, nikaketi sakafuni na mashine ndogo ya mchezo mapajani, na baada ya muda harufu hiyo ilinipanda puani pamoja na ile ya mbao zilizolowa. Nyumba ilikuwa ya Tantine Kahindo, dada mdogo wa baba yangu. Ilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mvua ilipokatika mawe yale yalifuka mvuke kana kwamba moto ulioyazaa bado umo ndani. Mashine ilikuwa ya binamu yangu Héritier, mwana pekee wa Tantine, aliyekwenda Kisangani kusoma chuo. Kioo chake kilikuwa na ufa kwenye pembe, na kitufe kimoja kilihitaji kubonyezwa kwa ukucha. Kwa msimu mzima wa mvua, mashine ile ndiyo iliyokuwa ikinijibu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Kwetu ni Butembo, na baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa njia ndefu, akishusha maharage na mafuta ya mawese hadi Goma. Mwaka ule barabara iliharibika kwa mambo ya watu wenye bunduki, shule yetu ikafungwa, na baba akaona heri nimalizie mwaka wa sita kwa dada yake. Mama alibaki na wadogo zangu. Jogoo la shamba haliwiki mjini, na mimi nilipofungua mdomo darasani kwa mara ya kwanza, darasa zima lilicheka jinsi nilivyoyavuta maneno, kwa Kinande cha kwetu kilichojaa ulimini. Nikaufunga mdomo huo, na kwa wiki nyingi sikuufungua ila kumjibu mwalimu. Tantine alikuwa mwema, lakini aliondoka na vitenge vyake kwenda sokoni kabla sijaamka vizuri, na akirudi jioni miguu ilikuwa imemvimba. Alinipikia sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ugali, akaniangalia nilivyoinama juu ya kioo, akasema, "Mutoto huyu atamaliza macho kwa ile kamashini." Kisha alilala.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kulea wanyama wa ajabu na kuwapiganisha. Kila mnyama alikuwa na vipimo sita, lakini mimi niliamini vinne tu: damu, yaani kiasi anachoweza kuumia kabla hajaanguka, nguvu ya pigo, ngao, na mbio, maana mwenye mbio ndiye anayeanza kupiga. Nilichukua daftari la miraba na kuanza kuwachunguza mmoja mmoja. Nilimsimamisha mnyama mbele ya adui yuleyule, nikamwamuru pigo lilelile mara ishirini, nikaandika damu iliyotoka kila mara. Niligundua kwamba mwenye pigo kubwa asiye na mbio huanguka kabla hajaonyesha ubabe wake. Niligundua pia kwamba kobe mmoja wa mawe, aliyedharauliwa na kila mtu kwa uzito wake, alikuwa na ngao nene kiasi kwamba maadui walichoka wenyewe. Kobe huyo nilimwita Muzee. Mwisho wa kila ukurasa niliandika hukumu kwa neno moja: anafaa, au hafai. Nilijihisi kama hakimu. Katika mji ambao sikuwa na neno langu hata moja, pale kwenye miraba neno langu lilikuwa la mwisho.

Daftari ndilo lililomleta Solange. Aliketi dawati la nyuma yangu, msichana mrefu mwenye nywele za kusuka, wa familia iliyotoka Rutshuru na kupanga nyumba karibu na barabara ya Mugunga. Siku moja wakati wa mapumziko alichungulia begani mwangu. "Weye! Uko unaandika wanyama ya ule mchezo?" akauliza. Kumbe naye alikuwa na mashine kama yangu, nzima zaidi. Tangu siku hiyo tulikuwa tukitoka shule pamoja, na mara mbili tatu kwa wiki alikuja kuketi nami sakafuni hadi Tantine aliporudi. Hakucheka maneno yangu. Alitaka nimfundishe kuhesabu kwa Kinande, na alipofika saba alikuwa akipotea kila mara, tukacheka wote wawili. Sijui kama aliona jinsi nilivyomngoja. Siku ambazo hakuja, nilikuwa nikiuacha mlango wazi hata kama mvua inaingia.

Watoto wa mtaa walikuwa wakishindana Jumapili baada ya misa, kwenye baraza la saluni ya jirani mmoja aliyekuwa na jenereta. Kiongozi wao alikuwa Patient, mwana wa fundi cherehani, mvulana mtulivu mwenye macho ya kupima. Mashine mbili zikikaa karibu ziliweza kuunganishwa, wanyama wakapigana au wakabadilishwa, wako akaja kwangu na wangu akaenda kwako. Solange alitaka kuingia katika mashindano. Aliniletea mashine yake, akanionyesha ndege mdogo wa buluu mwenye mkia mrefu, akiitwa Mapendo. Alikuwa amelelewa hadi ngazi ya juu kabisa. Niliona wazi kwamba mtu alitumia miezi mingi juu yake.

"Unipimie huyu," akasema. "Lakini uniambie kweli yote. Usinifiche kitu."

Nilimweka kwangu siku tatu. Nilimpima kwa bidii kuliko mnyama yeyote, kwa kuwa kazi ilikuwa ya Solange. Mbio alikuwa nazo, nyingi mno. Damu hakuwa nayo. Pigo moja zito lilimlaza. Mapigo yake mawili yalikuwa kama ya kuku anayedonoa. La tatu lilikuwa la kukimbia. La nne lilikuwa la kupepea mbawa, na kila nilipoliamuru, kioo kiliandika kwamba hakuna kilichotokea. Nililijaribu mara ishirini, na mara ishirini hakuna kilichotokea. Nikaandika: pigo la nne, bure.

Siku ya nne, tukiwa njiani kutoka shule, nilimsomea ukurasa mzima. Alinisikiliza akitazama viatu vyake vikikanyaga changarawe nyeusi.

"Ni kusema hafai?"

"Hafai," nikamjibu. Nilijisikia fahari kwa jinsi nilivyolitamka, bila kusita.

"Lakini kule banapiganisha wawili wawili. Na vile hafai?"

"Wawili ni kujumlisha tu. Ukijumlisha na sifuri, umepata nini?"

Tulifika kwenye njia panda. Ndipo akaniambia Patient alishamwomba ndege huyo, wabadilishane kwa mamba mkubwa wa mtoni. Mamba yule nilikuwa nimemwona: pigo zito, ngao nzuri, damu tele. "Umupatie leo," nikasema, "mbele hajageuza mawazo." Sikujiuliza kwa nini Patient, mwenye macho yale, amtake ndege asiyefaa. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilikuwa nimejaa akili.

Jumapili ile Tantine aliniruhusu kwenda. Baraza lilinukia petroli ya jenereta na mafuta ya nywele. Solange na Patient walikutana katika duru ya pili, magoti yakikaribia kugusana, sisi wengine tukiwa tumewainamia. Solange aliingiza mamba wake mpya na simba. Patient akaingiza mnyama wa radi, mzito na mvivu, na kando yake yule ndege wa buluu. Pambano lilipoanza, ndege alitangulia kwa mbio zake. Hakupiga mtu. Alipepea mbawa. Kwenye kioo niliona upepo ukimzunguka yule mnyama wa radi, na mbio zake zikapanda maradufu, na mvivu yule akawapiga simba na mamba kabla hawajainua mguu. Zamu iliyofuata ndege akapepea tena, na pambano likaisha. Watoto wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nikisikia mlio wa jenereta tu. Pigo la nne lilikuwa la kumpa mwenzake mbio, na kwenye sakafu ya Tantine sikuwahi kumpa mwenzake. Nilimpima peke yake, jinsi nilivyokuwa nikifanya kila kitu.

Solange alifunga mashine yake taratibu, akainuka. Nilimfuata hadi barabarani, nikamwambia kwamba nimekosea, kwamba nitapima upya.

"Ulipima muzuri," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza. "Lakini haukuniuliza ni ya nani. Mapendo ilikuwa ya kaka yangu. Yeye njo aliilea. Alienda kuchimba madini Walikale, na tangu Pasaka hatuyasikia sauti yake."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuwa nangoya uulize."

Kesho yake shuleni alinisalimu kama anavyowasalimu wote. Hakuja tena kuketi sakafuni. Nilifunga mlango mvua ilipoanza, nikafungua, nikafunga.

Ilinichukua wiki moja kupata ujasiri wa kwenda kwa Patient. Nilimkuta kwenye cherehani ya baba yake, akikata nyuzi. Nilimweleza kwamba ninamtaka Mapendo, nimrudishe kwa Solange. Alinisikiliza, akafikiri, akasema, "Mimi sikumudanganya. Aliniletea yeye mwenyewe." Nikasema najua. Alitaka Muzee, kobe wangu wa mawe, na alitaka daftari. Nilimpa vyote viwili palepale. Alipofungua daftari akapekua kurasa, moja baada ya nyingine, zile safu za mara ishirini, mara ishirini, akanitazama. "Weye unachezaka peke yako kila siku?"

"Eeh."

"Pole," akasema, na akanirudishia daftari. Kobe alimchukua, na Mapendo akaja kwangu.

Kwa siku mbili Solange alikuwa hajaonekana darasani, nami nilidhani ni homa. Nilikwenda mbio hadi nyumba yao ya barabara ya Mugunga, mashine ikiwa ndani ya sketi ili isilowe. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo uani aliniambia kwamba wamekwenda, kwao Rutshuru; walisikia kumetulia, wakapakia vitu juu ya lori juzi asubuhi. Nilisimama pale huku mvua ikianza upya. Baadaye, barabara ilipofunguka, nilijaribu kuwauliza madereva wa baba yangu, wale waliopita njia ya Kibati kwenda kaskazini. Walikuwa watu wa msaada, wakaniuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: "Solange wa nani? Mama yake anaitwa nani?" Sikujua. Nilijua vipimo vyote vya ndege wake, hadi tarakimu ya mwisho. Jina la mama yake sikuwahi kuliuliza, wala la kaka yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, watu husema, na nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu Butembo bila kuwahi kuihitaji. Mwaka wa shule ulipokwisha nikarudi kwa mama. Héritier alipomaliza chuo nilimrudishia mashine yake, Mapendo akiwa bado ndani. Sijui aliipeleka wapi.

Sasa mimi ni muuguzi hapa hapa Goma, ninakaa mtaa wa Himbi, na binti wa mmoja wa wadogo zangu, Ornella, anaishi nami kwa ajili ya shule. Ana miaka kumi na miwili. Wanyama wale bado wapo, wamehamia kwenye simu, na wamepakwa rangi nzuri zaidi. Juzi, tukiwa tunachambua mchele, alinionyesha orodha ndefu ambamo kila mnyama amekwisha kupimwa na watu wa dunia nzima, kila udhaifu umeandikwa, kila pigo limeelezwa. Nilimtafuta ndege wa buluu. Yumo. Amepewa mstari mmoja: dhaifu akiwa pekee, hatari akiwa na mwenzake. Ornella aliusoma mstari huo kwa kupepesa jicho, akamchagua, akaanza pambano. Wakati wetu ili upigane na mtu ilikupasa umfikie alipo, uketi mbele yake na uuone uso wake anaposhindwa. Ornella hupigana na watano, sita, kabla wali haujaiva, na hajatoka jikoni.

"Unapigana na nani?" nikamwuliza.

"Na mutu."

"Mutu gani?"

Aliinua mabega, macho yakiwa kwenye kioo. "Sijue, tantine. Mutu tu."

Niliweka ungo chini, nikasogea hadi bega langu likagusa lake, na nikamwomba anionyeshe kama kuna namna ya kumwuliza jina.