Vidole vya Mzee Onyiego

Nilikuwa naanika nguo za mtoto wakati Rispa aliposimama barabarani na beseni lake la dagaa wa omena kichwani, akaniita kwa sauti ya kuuzia.

"Mama Nyangate! Ati mzee wenu alikufa jana kwa kituo cha majani ya chai, halafu akafufuka?"

"Nani amekuambia?"

"Kebirigo yote inasema. Alianguka na kikapu chake, macho yakageuka, wakamfunika na gunia. Kumbe! Akaamka akauliza kama majani yake yameshapimwa." Rispa akacheka. "Mtu akifufuka si angalau asalimie watu kwanza?"

Sikucheka. Mzee Onyiego ni baba mkwe wangu, na jana hiyo sahani yake ilirudi tupu kama kawaida. Hakuna aliyetuambia kitu.

Kwetu Wagusii, mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatushikani mikono. Sijawahi kukanyaga chumba anacholala, wala yeye hajawahi kuingia nyumba yangu. Nikipika, mwanangu mkubwa, Nyangate, ndiye anayempelekea chakula. Mume wangu Bosire yuko Nakuru, kazi ya mjengo. Kwa hivyo mzee huyu ninamjua kwa macho tu, na kwa masikio.

Ninajua kwamba ujana wake aliumalizia Itumbe, akilisha kuni moto wa kiwanda cha chai, kisha akarudi kuchuma majani yake mwenyewe. Ninajua kwamba hutukana ng'ombe kwa upole, kama mtu anayebembeleza. Na miezi hii nimemwona akipanda mlima anasimama katikati, anajifanya anakagua migomba. Nilidhani ni migomba kweli.

Mama mkwe naye siku moja alirudi kutoka shambani mchana, akasema amechoka, akalala. Hakuamka. Tangu siku hiyo siwashi moto asubuhi kabla sijasikia mzee akikohoa.

Kanisani wakatangaza kwamba wazee watapimwa moyo ukumbini, bure. Mzee akakataa. "Moyo wangu si ng'ombe, hauendi josho," alimwambia Bosire kwa simu, na mimi nikasikia kutoka jikoni. Lakini Bosire alimsihi mpaka sauti ikamkatika, na siku ilipofika mzee akavaa kofia yake akaenda. Nikamfuata kwa mbali, mtoto mgongoni. Niliogopa asije akaanguka njiani, na niliogopa zaidi kwamba akianguka sitajua nimshike wapi.

Ukumbini sista mmoja muuguzi, Eucabeth, alikuwa na mashine yenye nyaya za kubandikwa kifuani. Akamwambia mzee avue shati. Alipofungua kifungo cha pili akaniona dirishani. Akakifunga.

"Yule ni mke wa mwanangu," akasema.

"Mzee, mimi nataka kukupima tu, sikuoi!"

Watu wakacheka. Yeye tayari alikuwa ameshika kofia. Nikaona kwamba atatoka na moyo wake vile vile, na kosa ni macho yangu. Nikakimbia nyuma ya ukumbi, nikajibanza kwenye tangi la maji. Sikumwona tena, lakini ukuta ulikuwa wa mabati na nilisikia kila kitu.

Kwanza mlio wa mashine. Halafu sauti ya sista, imeshuka.

"Mzee, moyo wako hauendi sawa. Unakimbia, unaruka, unakimbia tena. Damu ikiganda humo inaweza kukuletea kiharusi. Alhamisi uende hospitali kubwa, nitakuandikia. Kabla ya hapo, kila asubuhi ushike hapa kwenye kifundo cha mkono, usikie mapigo. Ukisikia unakimbia sana, au unapotea potea, usingoje Alhamisi. Nyumbani kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Sikumlaumu. Kwa kazi hiyo ya kumshika mkono, kweli hapakuwa na mtu.

"Basi utajipima mwenyewe. Weka vidole hivi. Unasikia?"

"Nasikia," akasema.

Jumatano asubuhi kikohozi hakikuja. Nilisimama jikoni na kiberiti mkononi, nikashindwa kukiwasha. Nikamwambia Nyangate asitoke. Nikafungua mlango taratibu, nikiomba Mungu nisione nilichokuwa nafikiria.

Mzee alikuwa ameketi uani kwangu, juu ya gogo la kupasulia kuni. Hajawahi kuketi pale. Alikuwa amekunja mkono wa shati, anaukandamiza mkono wake kwa vidole vyeusi vya utomvu wa majani, vilivyopasuka na kukauka kama gome. Jasho lilimtoka na kulikuwa na baridi.

"Mama Nyangate." Aliitazama migomba, si mimi. "Nilimdanganya yule sista. Vidole hivi havisikii kitu. Hata kaa la moto havisikii. Tangu kupambazuke natafuta mapigo, sipati."

"Tata, baba yangu, lakini si unaongea," nikasema.

"Hata mama yake Bosire aliongea."

"Nimpigie Bosire?"

"Bosire mkono wake utafika hapa kutoka Nakuru?"

Akahema. Kisha akageuza uso pembeni kama mtoto anayengoja sindano, akanyoosha mkono wake kuelekea kwangu.

"Shika hapa, mwanangu. Uniambie kama moyo bado unatembea."