Mahubiri Yaliyokatizwa Dispensarini

Jumanne nilikuwa kwenye baraza ya dispensari hapa mjini Baraka, nikingoja kufungwa kidonda cha mguu. Mlango haufunguliwi mpaka mwalimu wa misheni amalize kutuhubiria, maana wengi wetu kanisani hatuonekani. Siku hiyo alikuwa bado anapandisha wanyama kwenye safina ya Nuhu, ndipo mama mmoja Mwislamu, aliyetoka Kazimia kwa mtumbwi, akasimama na mtoto wake mikononi.

"Mwalimu, maneno yako iko muzuri," alisema kwa adabu. "Lakini mutoto yangu anaungua moto. Hawezi kungoya mpaka iishe."

Mwalimu alimgusa mtoto shingoni, akafunga kitabu, akaugonga mlango kwa kiganja.

"Maombi imekwisha?" muuguzi aliuliza kutoka ndani.

"Imekwisha."

"Mbona sijasikia Amina?"

"Amina," mwalimu alijibu, akausukuma mlango na kumtanguliza mama.

Mtoto alichomwa sindano. Kufika adhuhuri joto lilikuwa limeshuka, naye alikuwa ananyonya. Mwalimu hakurudi kwenye somo lake. Alikaa nasi kwenye benchi, akimsaidia mzee mmoja kufungua bandeji iliyogandamana na kidonda.

Mama alipotoka aliwaambia bamama waliokuwa wakingoja, "Huyu mwalimu anajua kuhubiri."

Nimesikia wahubiri wengi, sokoni na kando ya ziwa, lakini huyu ndiye wa kwanza niliyetamani aendelee.